Kusi hupinda vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwendo wa hewa na maji, duniani na kwenye sayari nyingine

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha jinsi hewa na bahari zinavyokwenda, na maswali ninayopata, darasani, bandarini na hata harusini, ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ambayo ningependa kuyatoa kama ningekuwa na muda wa kutosha.

Somo hili linahusu nini hasa?

Linahusu vitu vinavyotiririka juu ya sayari inayozunguka, au ndani yake: hewa, maji, lava, chuma kilichoyeyuka, na hata methani ya baridi kali iliyo kwenye mwezi wa Zohali. Kuna mambo mawili yanayolitofautisha na hesabu za maji ya bomba. La kwanza ni kwamba sayari inazunguka, na mzunguko huo unakipinda kila kinachosafiri mbali. La pili ni matabaka: kizito hukaa chini na chepesi juu, nako kuyachanganya kunahitaji nguvu. Ongeza joto la jua, ambalo halifiki sawa kila mahali, na utapata upepo, mikondo, mawimbi na dhoruba.

Wataalamu wa Kiswahili hawajakubaliana juu ya jina moja la vitu hivi. Wapo wanaosema giligili, wapo wanaosema viowevu. Mimi nitavitaja kila kimoja kwa jina lake.

Kuzunguka kwa dunia kunaufanya nini upepo?

Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa na dunia kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, bila kuhisi chochote. Aliye Cairo anabebwa kwa karibu kilomita 1,450 tu, kwa sababu duara analozunguka ni dogo zaidi. Hewa ikitoka ikweta kwenda kaskazini huondoka na kasi yake, ikaikuta ardhi ya huko inakwenda polepole, basi inaitangulia. Sisi tunaoitazama kutoka ardhini tunaiona imepinda kulia. Kusini mwa ikweta hupinda kushoto.

George Hadley alilitumia wazo hili mwaka 1735 kueleza pepo za biashara, zile zinazovuma kutoka mashariki kuelekea ikweta. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliandika hesabu yake mwaka 1835 alipokuwa akichunguza mashine zinazozunguka, na jina lake ndilo lililobaki.

Kupinda huku kuna nguvu zaidi kwenye ncha za dunia, hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe ni sifuri. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Huko Ulaya, hewa inayokimbilia penye mgandamizo mdogo hupindishwa mpaka ikawa inapazunguka, kwa hiyo ukinionyesha ramani ya mgandamizo wa hewa nitakuambia upepo unaelekea wapi bila kuchungulia dirishani. Niletee ramani kama hiyo ya Kisumu na sitaweza. Vitabu vingi vya somo hili viliandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na kanuni zao nzuri kuliko zote zinaishiwa nguvu hapa kwetu.

Nilisimama kwenye mstari wa ikweta Nanyuki, nikaonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini na upande wa pili kusini. Je, ni kweli?

Hapana. Najua wengi wametoka pale na picha na cheti, na mchezo wenyewe unapendeza, lakini kinachoonekana kwenye beseni si mzunguko wa dunia.

Twende na hesabu. Hata kwenye latitudo ya digrii 45, maji yanayokwenda sentimita kumi kwa sekunde husukumwa pembeni kwa kiasi cha sehemu moja ya milioni ya uvutano wa dunia. Ukiwa hatua ishirini kutoka kwenye mstari wa ikweta, msukumo huo umepungua zaidi ya mara laki mbili. Hakuna jicho la kuuona. Kinachoyazungusha maji ni mwendo mdogo yanaoupata yanapomiminwa upande mmoja wa beseni, au anayelibeba anapogeuka. Mwendo huo hubaki ndani ya maji kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, na maji yanapokusanyika kwenye tundu huongezeka kasi, kama mcheza dansi anayekunja mikono akiwa anazunguka.

Ila usiondoke ukidhani kwamba jambo lenyewe ni uongo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia tangi la mviringo lenye upana wa karibu mita 1.8. Aliliacha litulie kwa saa 24, likiwa limefunikwa, kisha akafungua tundu dogo la katikati. Maji yalipokaribia kwisha, yalianza kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, kama nadharia inavyotaka. Wenzake wa Sydney walilifanya jaribio hilo mwaka 1965 na maji yao yakazunguka upande wa pili. Kwa hiyo mzunguko wa dunia upo hata ndani ya beseni, lakini huonekana tu kwa mwenye subira ya siku nzima, naye awe mbali na ikweta.

Kwa nini vimbunga vinaipiga Beira na kuiacha Mombasa?

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, kama digrii 26 na zaidi, na kinahitaji kupindishwa. Hewa inayokimbilia kwenye kitovu isipopindishwa, hulijaza shimo la mgandamizo moja kwa moja na mambo yanaishia hapo. Beira iko karibu digrii 20 kusini, Mombasa digrii 4. Nguvu ya kupinda kule ni karibu mara tano ya hapa. Ndiyo maana ni nadra vimbunga kuzaliwa ndani ya digrii tano za ikweta. Ni nadra, sisemi haiwezekani: Desemba 2001 kimbunga Vamei kilijitokeza karibu na Singapore kwenye latitudo ya digrii moja na nusu hivi.

Huwa nahuzunika nikisikia mtu wa pwani ya Tanzania akisema ikweta inatulinda. Inawalinda watu wa Mombasa kuliko wa Mtwara, walio digrii kumi kusini. Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu. Mwaka 1952 kimbunga kilifika Lindi. Mwaka 2019 Idai iliua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na wiki chache baadaye Kenneth ikapita Komoro na kuingia Cabo Delgado, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, chombo kisitoke.

Kusi na kaskazi zinatoka wapi, na mbona Wahindi husema mvua yao huletwa na upepo wa kusini magharibi?

Kusi ndiyo upepo wao! Bara la Asia hupata joto kali kati ya Juni na Septemba, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi kusini mwa ikweta huvutwa kwenda kuijaza nafasi. Ikiwa bado kusini, hupindishwa kushoto, kwa hiyo kwetu inafika ikitoka kusini mashariki. Ikishavuka ikweta, kupinda kunageuka kuwa kulia. Upepo uleule uliojaza tanga Kilwa unaelekea sasa India ukitokea kusini magharibi.

Kuna jambo zaidi ambalo mabaharia hawakuweza kuliona kwa sababu liko juu ya vichwa vyao. Milima ya Kenya na Ethiopia inasimama kama ukuta upande wa magharibi. Hewa haiwezi kuuvuka kirahisi, hivyo hujibana kando yake na kuwa mkondo mwembamba wa upepo mkali, kama kilomita moja na nusu juu ya usawa wa bahari, ambao kasi yake inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Aliyeuchora vizuri ni mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater, mwaka 1969. Sehemu kubwa ya hewa ya chini inayovuka ikweta wakati huo wa mwaka hupitia kwenye mlango huo mwembamba wa Afrika Mashariki.

Bahari nayo hufuata. Mkondo wa Somalia ni wa ajabu kwa kuwa hugeuka kabisa: wakati wa kusi huenda kaskazini kwa nguvu, wakati wa kaskazi hurudi kusini. Mkondo wa pwani ya Tanzania haugeuki, huelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kaskazi mikondo hii miwili hukutana mbele ya pwani ya Kenya na kuingia bahari kuu pamoja. Manahodha waliotoka Oman na Ghuba walikuja na kaskazi na kurudi na kusi, lakini si kusi ya Juni na Julai, ambayo ilikuwa kali mno kwa majahazi. Waliondoka mwanzoni mwake au waliisubiri ilegee.

Mbona vuli nyingine inakuwa mafuriko matupu?

Mara nyingi chanzo kiko ng'ambo ya pili ya bahari. Kuna miaka ambayo maji ya karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, hupoa na ya upande wetu hupata joto kupita kawaida. Hewa hupanda kwetu, mvua hufuata. Watafiti walilieleza jambo hili mwaka 1999 na kuliita ncha mbili za Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2019 lilikuwa kali sana: mafuriko Kenya, Somalia na Tanzania, huku Australia ikiungua.

Ujumbe kutoka upande mmoja kwenda mwingine hubebwa na mawimbi yanayokwenda ndani ya bahari, kati ya tabaka la juu lenye joto na maji baridi ya chini. Mjapani Taroh Matsuno aliandika nadharia yake mwaka 1966. Ikweta, ambako kupinda kunabadilisha upande, huwa kama mfereji unaoyashika mawimbi hayo. Aina moja huelekea mashariki tu na kuivuka bahari kwa karibu mwezi mmoja. Nyingine hurudi magharibi kwa theluthi ya kasi hiyo. Kwa hiyo bahari ina kumbukumbu ya miezi, na kwa kumbukumbu hiyo wataalamu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaweza kusema jambo kuhusu vuli mapema.

Je, maziwa yetu nayo yamo?

Yamo, na ningependa vijana wengi zaidi wayachunguze. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Kuanzia Mei upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi yenye rutuba hupanda. Upepo ukilegea, tabaka la ndani lililoinama huanza kuyumba kama chai kwenye kikombe kilichosukumwa, ila kuyumba kumoja huchukua karibu mwezi. Dagaa wa Kigoma, wanaoitwa ndagala Burundi, hutegemea kuchanganyika huko. Tafiti zilizotoka 2003 zilionyesha kwamba joto linaloongezeka linayafanya matabaka yawe magumu kuchanganyika, na rutuba inayopanda inapungua.

Kivu ni kinyume: huko tunaomba yasichanganyike. Chini ya ziwa kuna kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeyeyuka ndani ya maji. Maji ya chini yana joto zaidi, lakini chumvi na gesi zinayafanya mazito, hivyo yanabaki chini. Kwa kuwa joto husambaa haraka kuliko chumvi, ziwa limejipanga kama ngazi: mamia ya matabaka, mengi hayafiki hata mita moja. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, Kameruni, lilitoa gesi yake ghafla na watu wapatao 1,700 walikufa. Ndiyo sababu mitambo ya Rwanda inayovuta methani ya Kivu kwa ajili ya umeme lazima iyarudishe maji kwenye kina ambacho hakitavuruga ngazi hizo.

Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, linadumuje miaka yote hiyo?

Koroga chai: mzunguko mkubwa unavunjika kuwa midogo, midogo kuwa midogo zaidi, mwisho chai inatulia. Kwenye tabaka pana la sayari inayozunguka kwa kasi mambo huenda kinyume. Mizunguko midogo huungana na kuwa mikubwa, na mikubwa huimeza midogo. Mshtarii huzunguka kwa chini ya saa kumi, hauna ardhi ya kuisugua dhoruba, na Doa limebanwa kati ya mikanda miwili ya upepo inayokwenda pande tofauti, inayolizungusha kama mpira kati ya viganja viwili.

Limetazamwa mfululizo tangu karne ya 19. Wakati huo upana wake ulikadiriwa kilomita 40,000. Leo ni kama 16,000, bado linaizidi dunia yetu. Chombo cha Juno, kilichofika huko 2016, kilipima uvutano na kuonyesha kwamba Doa lina kina cha mamia ya kilomita, na mikanda ya upepo inashuka karibu kilomita 3,000.

Ni kweli kuna pembesita juu ya Zohali?

Ni kweli. Karibu na ncha ya kaskazini mkondo wa upepo unachora umbo la pande sita, kila upande karibu kilomita 14,500. Lilionekana kwenye picha za vyombo vya anga vya Voyager za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na chombo cha Cassini kililikuta bado lipo. Si jengo la mtu yeyote. Ni wimbi lililosimama kwenye mkondo. Watafiti wa Oxford walipata maumbo ya pembe kama hayo ndani ya tangi la maji mwaka 2010, kwa kuzungusha pete katikati yake kwa kasi tofauti na tangi lenyewe.

Na Zuhura?

Zuhura inanisumbua kuliko zote. Sayari yenyewe huchukua siku 243 kuzunguka mara moja, lakini mawingu yake huizunguka kwa siku nne hivi. Hewa ya ikweta inaishinda ardhi yake kwa karibu mara sitini! Hewa iliyosuguliwa na ardhi tu haiwezi kupata kasi kama hiyo kwenye ikweta. Lazima kitu kiendelee kuisukuma. Akatsuki, chombo cha Japani kilichokosa kuingia kwenye njia yake mwaka 2010 na kufanikiwa 2015, kilipiga picha za mawingu hayo, na uchambuzi wa 2020 ulionyesha kwamba msukumo mkubwa hutoka kwenye mawimbi yanayoamshwa na joto la mchana na baridi ya usiku.

Mirihi na Titan?

Mirihi ina hewa chini ya asilimia moja ya yetu, lakini inatosha kuinua kisulisuli na, miaka fulani, vumbi la kuifunika sayari yote. La 2018 lilimnyima jua roboti wa Opportunity mpaka akazimika. Titan, ule mwezi wa Zohali, ina mito na bahari za methani kwenye baridi ya digrii 179 chini ya sifuri. Mara nyingi Cassini iliziona bahari hizo zikiwa shwari kama kioo.

Mnasema hata ardhi inatiririka?

Polepole mno. Mwamba ulio chini ya bonde la ufa ni mgumu, lakini ukiupa mamilioni ya miaka unakwenda, sentimita chache kwa mwaka. Chini yake zaidi, kuanzia kilomita 2,900, kuna chuma kilichoyeyuka ambacho mwendo wake ndio unaozalisha usumaku unaoelekeza dira.

Kwa lava, Waswahili tuna bahati ya majirani wawili. Oldoinyo Lengai, Tanzania, ndio mlima pekee hai unaotoa lava ya kabonati, yenye joto la digrii 500 hadi 600 tu na nyepesi karibu kama maji. Nyiragongo, Kongo, Januari 1977, ulipasuka ubavuni na ziwa lake la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi iliyofikia kilomita 60 kwa saa. Hakuna wa kuikimbia kasi hiyo kwa miguu.

Kwa nini utabiri hukosea?

Mwaka 1961 Edward Lorenz wa MIT alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akaandika 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hali ya hewa ya hesabu ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza. Hewa ndivyo ilivyo, na haikurekebishwa na kompyuta kubwa zaidi.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache, ambayo yanapita katikati ya matundu ya wavu ambao hesabu nyingi huigawia anga, na ikweta inatunyima ule uhusiano rahisi wa mgandamizo na upepo. Tazama masika: tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 vipimo vilionyesha yanapungua sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huku hesabu nyingi za tabianchi zikisema yataongezeka. Watafiti wanakiita kitendawili cha Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu hakitateguliwa mpaka tuwe na vituo vingi zaidi vya kupima juu ya Ziwa Viktoria, Turkana na bahari iliyo mbele yetu.

Naweza kuona lolote nyumbani?

Ndiyo. Tafuta sahani ya kuzungushia keki yenye mota, au gramafoni ya zamani. Weka juu yake bakuli la kioo lenye maji, katikati kabisa. Bakuli jingine liweke mezani. Washa, usubiri angalau dakika kumi na tano mpaka maji yazunguke pamoja na bakuli kama kitu kimoja. Wengi hukosa subira hapa. Kisha dondosha tone moja la rangi ya chakula kwenye kila bakuli. Kwenye lile la mezani rangi itatawanyika kama moshi, huku na huku. Kwenye linalozunguka itashuka wima na kujipanga kama mapazia membamba, yanayojiviringisha bila kuinama.